Mgeni Njoo Kundelungu, Mwenyeji Apone

Anayeijua Lubumbashi kwa bomba la moshi la kampuni ya shaba ya Gécamines na kilima cha mabaki ya shaba ameijua nusu. Nusu ya pili ni msitu wa miombo. Mwezi wa tisa, kabla ya mvua, miti huchipua majani mekundu, na ukitazama kutoka mlimani utadhani nchi nzima imepakwa shaba. Mvua zikishika, akina mama huuza uyoga kando ya barabara, na uyoga mmoja tu hutosha kuwa mboga ya bukari (ugali) ya nyumba nzima.

Tulielekea kaskazini, Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, iliyoanzishwa 1970, yenye kilomita za mraba 7,600. Njiani tulipishana na baiskeli za makala, yaani makaa: magunia marefu yaliyozibwa mdomo kwa majani na kukazwa kwa kamba, mwenyewe akisukuma kwa miguu kuelekea mjini. Umeme ukikatika Lubumbashi, sufuria huiva kwa jasho lake.

Ndani ya hifadhi, mto Lofoi hufika ukingo wa uwanda wa juu na kujitupa chini zaidi ya mita 340 kwa mruko mmoja. Haya ni miongoni mwa maporomoko marefu zaidi Afrika. Nenda mwezi wa tatu au wa nne, maji yakiwa mengi. Kiangazi kikikolea hupungua sana.

Uzuri huu una wanaoulipia. Ni wanakijiji waliozuiwa kulima, kuwinda na kukata miti ili sisi tuukute msitu umesimama. Kumkataza mtu makala bila kumwonyesha riziki nyingine ni kumnyima ada ya shule ya watoto wake.

Kwa shaba, sheria imekwisha kuamua fungu la wenyeji. Tangu Kanuni ya Migodi irekebishwe 2018, asilimia 15 ya mrabaha ni ya mamlaka za mahali mgodi ulipo, na kampuni hutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo kwa jamii jirani. Msitu nao upate hesabu yake: fungu linalojulikana la kiingilio, kazi za ulinzi na uongozaji kwa vijana wa hapo, na daftari la mapato lisomwe mbele ya kijiji. Nje ya hifadhi, amri ya serikali ya 2014 inaruhusu jamii kumilikishwa msitu wake, hadi hekta 50,000, bila malipo. Kijiji chenye hati hiyo kinaweza kuuza asali, uyoga, viwavi, hata makala ya miti iliyovunwa kwa mpango, na kitalinda kilicho chake.

Basi ukienda Lofoi, mchukue kijana wa kijijini akuongoze, kula kwao, nunua asali yao. Ukilipa kiingilio, uliza bila haya: fungu la kijiji ni kiasi gani, na limefika?