Stoo Ndogo, Mizigo ya Ukoo Mzima

Msomaji, hebu inuka kidogo ukafungue mlango wa ile stoo iliyo kando ya jikoni lako. Ikiwa unaishi katika nyumba ya kupanga hapa Nairobi, sina shaka mlango huo haufunguki wote. Nyuma yake kuna mtungi wa maji, au karai, au baiskeli ya mtoto ambaye sasa yuko sekondari.

Stoo yangu ni ya futi 5 kwa 4. Waliochora nyumba hizi yaelekea waliwaza ufagio na ndoo moja. Hawakuwaza mgao wa maji. Jamii ya watu sita kama yangu haiwezi kulala bila mitungi minane ya lita 20, na mtungi mmoja ukijaa una kilo 20 na zaidi. Basi maji ni ya sakafuni, hilo halina mjadala. Nafasi iliyobaki ni ile ya juu, kutoka kiunoni hadi darini, ambayo wengi wetu huilipia kodi bila kuitumia.

Mwenye nyumba wetu hataki kusikia habari za misumari ukutani. Kwa hiyo nilinunua mbao Gikomba, na fundi akaniundia rafu yenye miguu yake minne, isiyogongomewa popote. Ubao wa kwanza uko futi 2 kutoka chini, ili mtungi upite na mkono wa kuuvuta upate nafasi. Wa pili ni wa sabuni, pasi na vyombo vya kufulia. Juu kabisa ni masanduku ya safari, na ndani yake blanketi za wageni, maana sanduku tupu ni ubadhirifu. Siku ya kuhama, rafu hiyo itapanda lori pamoja nasi.

Lakini mbao zilikuwa kazi rahisi. Taabu ilikuwa gunia. Kila baada ya mavuno mama mkwe hutuletea gunia la mahindi la kilo 90 kutoka Kitui, juu ya basi. Huwezi kumwambia mzee aliyelima kwa jembe kwamba nyumba yako haina nafasi. Baba watoto aliamua likae stoo, kando ya maji, kwani gunia la sebuleni, ati, litatuaibisha mbele ya wageni. Mimi nilikuwa nikiukumbuka mwaka wa 2004, wakati mahindi yenye ukungu yalipowaua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Sumu ile ya aflatoksini huwezi kuiona kwa macho, wala kupika hakuiondoi. Ukungu wake hupenda joto na unyevu, na stoo isiyo na dirisha yenye mitungi minane ina vyote viwili.

Tulibishana juma zima, na hakuna aliyethubutu kulifikisha jambo hilo kwa mwenye mahindi. Akaja mwenyewe. Alifungua stoo, akaweka kiganja ukutani, akanusa, kisha akaniuliza, "Mama Mutua, kwani mahindi yangu mnayaogesha?" Baba watoto alikuwa na kikombe cha chai mkononi, ghafla chai ile ikawa tamu sana, hakuinua uso. Jioni hiyo hiyo gunia lilihamia chumba cha watoto, juu ya vipande viwili vya mbao, mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Watoto hujikwaa kila asubuhi, lakini amri ni ya nyanya yao, nani atanung'unika?

Kitu kimoja sikiingizi humo hata pakiwa wazi: mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni kama maji, na katika chumba kilichofungwa hungoja cheche tu, hata ya swichi ya taa. Wangu uko nje kwenye roshani, umesimama wima.

Mafuta taa nayaruhusu, lakini rafu ya juu, na katika chombo chake, si chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu haulizi. Na akiyanywa, tafadhali usimtapishe. Mkimbize hospitali na uende na hicho chombo mkononi.