Kashikishi: Soko la Chisense na Ngoma za Watoto Wetu

Mwezi huu twende pamoja Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru, karibu kabisa na boma ya Nchelenge. Wengi wetu hapa Mantapala tunapajua kwa ajili ya hospitali ya St Paul's. Ukienda kwa mgonjwa, unaharakisha kurudi. Safari hii tutembee polepole, maana pale sokoni kuna somo kwa kila anayejiuliza vijana wetu watapata wapi pesa ya ngoma, rangi na nguo za maigizo.

Tuanze na ziwa lenyewe. Ziwa Mweru lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 5,100. Mto Luapula unaingia upande wa kusini, na kule kaskazini, pale Pweto, maji yanatoka kwa jina la Luvua na kwenda zake Kongo. David Livingstone alilifikia mwaka 1867, lakini watu wa Mwata Kazembe walikuwa wanakula samaki wake tangu zamani. Mpaka wa nchi mbili unapita majini. Nchelenge iko upande wa mashariki, kwa hiyo jioni jua linazama upande wa kwetu. Kwa aliyekimbia mwaka 2017 akavuka mpaka wa Chiengi na watoto mgongoni, kulitazama jua lile si jambo dogo.

Giza likiingia utaona taa nyingi majini, utafikiri ni mji. Ni wavuvi wa chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa hili. Mwanga unawavuta samaki, wavu unawazoa. Asubuhi wanamwagwa chini juani, wanageuzwa, wanakauka. Hapo ndipo kazi inahamia mikononi mwa wamama. Wao ndio wengi katika biashara hii: wananunua, wanakausha, wanapima kwa kopo, wanafunga magunia. Mzigo unapanda lori mpaka miji ya Copperbelt, na mwingine unarudi Kongo.

Ukiwauliza wamama hao, watakuambia biashara ina majira yake. Mvua ikinyesha siku mbili chisense hawakauki, wanaoza, na bei inaanguka. Tena kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi unafungwa ili samaki wazaane. Asiyeweka akiba Oktoba, Januari analia.

Sasa tuingie kwenye jambo letu. Hapa kambini Jumamosi tunakuwa na darasa la ngoma, nyimbo na maigizo. Vijana wanalipenda. Lakini mmeona wenyewe: mradi wa mfadhili ukiisha, ngozi ya ngoma ikipasuka, ndiyo basi. Kijana anaacha darasa, anabaki kuzurura au anakwenda ziwani kubeba mabeseni ya samaki saa za shule. Je, darasa kama hili linaweza kujilisha lenyewe?

Wapo waliojaribu. Kampala, Uganda, kuna kikundi cha Ndere, kilichoanzishwa mwaka 1984 na bwana Stephen Rwangyezi. Si kampuni ya kugawana faida. Kilianza kwa kucheza ngoma za makabila mbalimbali ya Uganda, baadaye kikajenga kituo chake pale Ntinda: ukumbi wa maonyesho, mkahawa na vyumba vya wageni. Mgeni analipa kuingia, anakula, wengine wanalala. Pesa hiyo inaendesha kazi ya sanaa na kusaidia vijana wenye kipaji wa familia maskini waendelee na shule. Mchezo wenyewe umekuwa shamba.

Zanzibar nako kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa mwaka 2002. Kinafundisha taarabu, ngoma na vyombo kama udi na qanuni, na watalii hulipa kusikiliza maonyesho. Lakini ada ya wanafunzi ni ndogo, na kwa miaka mingi chuo kilitegemea sana wafadhili. Wafadhili walipopungua, mwaka 2019 kilikaribia kufungwa. Kiliendelea kufundisha, ila funzo limebaki: mkono wa mtu mwingine ukiondoka, lazima wako uwe umeshazoea kazi.

Sisi hatuna watalii. Tuna Kashikishi. Tuseme wazazi kumi wanachanga mtaji. Wananunua chisense wakavu kwa kwacha 600, usafiri kwacha 100, mifuko kwacha 20. Wanapima vipakiti vidogo na kuuza hapa kambini, wanapata kwacha 850. Hapo wengi wetu tunasema tumepata 850. Hapana! Faida ni 130. Kwacha 65 zinabaki kukuza mtaji, 65 zinakwenda kwenye ngoma. Ni kidogo, lakini safari kumi ni kwacha 650, na hapo unaanza kuongea na fundi ngoma.

Kuna mambo matatu ya kushika. Kwanza, daftari la biashara liwe mbali na mfuko wa nyumbani, na watu wawili waweke sahihi. Pili, akiba ya miezi ya kufungwa uvuvi iwekwe mapema. Tatu, na hili nalisema kama mwalimu: wauzaji wawe watu wazima. Tukimtoa mtoto darasani auze dagaa ili tumnunulie ngoma, tumemnyang'anya kwa mkono mmoja tunachompa kwa mwingine.

Anayetaka kwenda kujionea soko, kwanza apitie ofisi kuulizia ruhusa ya kutoka, na aondoke mapema, kabla mvua haijaharibu njia. Akifika, asikimbilie kununua. Akae karibu na mama anayepima kopo, amsalimie kwa heshima, amuulize bei ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita. Wazazi mnaotaka kujaribu, njooni tuzungumze Jumamosi baada ya darasa, chini ya mti. Vijana watawapigia ngoma iliyobaki. Haba na haba hujaza kibaba.