Itumbe kwa Wasiopanda Mlima

Huko Ulaya iko miji ya milimani ambayo watu huiendea kwa jambo moja tu, nalo ni kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Mzee asiyeteleza, akitaka kufuatana na wanawe katika miji hiyo, huulizwa: wewe utafanya nini huko? Kwetu hakuna theluji ya kuendewa, ila swali lenyewe tulilisikia hapa hapa Mombasa, siku tulipotangaza kwamba likizo ya Agosti tutafuatana na vijana wetu hadi nchi ya Wakisii. Wao walikuwa na hamu ya kupanda ukingo wa Manga. Sisi tulikuwa wanawake wanne, mdogo wetu ana miaka 63, na baina yetu magoti manane ambayo mazima hayazidi matatu. Tulikwenda.

Treni ya SGR, iliyoanza mwaka 2017, imewapunguzia wazee machungu ya barabara ya Nairobi. Tulilala Nairobi usiku mmoja, na hili twalisisitiza kwa kila mwenye presha au sukari: safari hii isiunganishwe. Kesho yake gari lilitushusha katika Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu, likapita Narok na Bomet, na baada ya Sotik nchi ikageuka. Nyanda pana ziliisha, vilima vikasongamana, na kila kilima kimelimwa hadi utosini: hapa migomba, pale mahindi, na kisha chai, kijani kilichokatwa sawasawa kama zulia.

Itumbe si mahali pa watalii. Pana kiwanda cha chai, maduka, na mashamba madogo madogo ya familia, ambayo mengine hayazidi ekari moja. Kitu kisichokuwepo ni ardhi tambarare. Mtu akitoka jikoni anashuka, akienda msalani anapanda. Katika miji ile ya theluji wasiojiweza hupandishwa kwa vigari vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma. Huku hupandishwa kwa bodaboda. Buibui na gurudumu la pikipiki haviaminiani, kwa hiyo tulikodi Probox, gari ambalo Wakisii hulijaza abiria mpaka mlango ukakataa kufungwa. Sisi tulililipia lote, tukakaa kwa heshima.

Chakula hakikutusumbua. Nyama tuliinunua mjini Kisii kwa mchinjaji Muislamu, na mengine yote ni ya shamba: matoke, ugali wa wimbi, mnavu, na mgagani ambao wenyeji huuita chinsaga na kuupika kwa maziwa mpaka uchungu ukalainika. Sala tulizipunguza na kuzikusanya kama msafiri alivyoruhusiwa, na mwenye goti bovu alisali juu ya kiti. Shida ilikuwa kupata mahali pa kutandika msala bila ya kusujudu kuelekea bondeni. Baridi ya usiku inataka sweta na soksi, na atakayewaambia kwamba shali inatosha hajapata kulala huko.

Lugha nayo ilituchekesha. Wakisii ni Wabantu kama sisi. Mtu kwao ni omonto, nyumba ni enyomba, maji ni amache. Lakini jirani alipotujibu salamu kwa kusema "mbuya mono" tulimwonea huruma, tukidhani hali ni mbaya mno. Kumbe maana yake ni nzuri sana.

Theluji hatukuiona, ila siku ya pili, baada ya adhuhuri, iliteremka mvua ya mawe. Bati la nyumba lililia kiasi cha kutosikilizana. Watoto wetu wa pwani walitoka mbio na sufuria kuyaokota mawe, wakiyaweka ulimini kwa furaha. Mwenye nyumba alisimama mlangoni akitazama shamba lake bila ya kusema neno. Mawe hayo huyatoboa majani ya chai na kuvunja machipukizi, na mkulima hukaa majuma kadhaa akisubiri mengine. Furaha ya wageni na hasara ya mwenyeji zilikuwa katika ua mmoja, nasi tukawaita watoto ndani.

Siku ya tatu vijana walidamka kwenda Manga. Sisi tulikwenda kituo cha kununulia majani, banda lenye bati, mizani na benchi, na benchi ndilo tulilolifuata. Wachumaji walianza kuteremka mmoja mmoja, kikapu mgongoni. Huchuma majani mawili na chipukizi lake, si zaidi, na karani huyakagua kabla ya kupima. Wengi walikuwa wanawake, na baadhi yao walitushinda umri. Bibi mmoja aliketi nasi akipumzika, akauliza kwa nini hatukwenda mlimani na watoto. Tulimwonyesha magoti. Akacheka, akasema yake pia yanauma, ila chai haingoji: ikipita wiki moja au mbili bila ya kuchumwa majani hukomaa yakakataliwa, na wanawe wote wako Nairobi. Kisha akajitwika kikapu kitupu, akapanda tena.

Tulinyamaza kidogo baada ya kuondoka kwake. Kwetu mzee hakatazwi kupanda na miguu yake peke yake. Aghalabu hukatazwa na wanawe, kwa mapenzi. Yule hakuwa na wa kumkataza.

Sasa tumtaje mwenzetu mmoja, kwani safari ilikuwa yake zaidi kuliko yetu. Marehemu mumewe alipakia chai katika maghala ya Shimanzi kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu zama za masanduku ya mbao hadi zama za magunia ya karatasi. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na chai ya milima hii na ya nchi jirani huteremka kwetu kuuzwa. Mume huyo alirudi nyumbani kila jioni kanzu yake ikinukia chai, na alifariki hajauona mchai ukiwa ardhini. Mjane wake aliomba konzi ya majani pale kituoni, akaisogeza puani. Hayakunuka chai. Yalinuka nyasi. Tuliona uso wake ukianguka.

Karani, kijana mwenye adabu, alimweleza kwamba harufu huzaliwa kiwandani. Majani hunyaushwa kwanza, kisha hukatwakatwa, na yakipata hewa hugeuka rangi ya shaba; hapo ndipo yanapoanza kunukia, kabla ya kukaushwa na kuchekechwa. Hutakiwa kilo nne hadi tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai. Probox ikatupeleka hadi kiwandani. Kuingia ndani hutaka ruhusa, lakini harufu haina mlinzi. Mwenzetu alishuka, akasimama kando ya ua, kitambaa mkononi. Hakuna aliyemharakisha. Dereva alizima injini bila ya kuambiwa.

Magharibi vijana walirejea na matope hadi magotini, wakatuonyesha picha za ukungu. Ziwa Victoria, walisema, lilionekana kama uzi. Mwenzetu alifungua kitambaa, akayamwaga mezani yale majani, ambayo yalikwisha kunyauka. Mwanawe wa mwisho aliyanusa, akasema hayana harufu yoyote.

"Kesho asubuhi utanipeleka," mama akamwambia, "na koti lako ulichukue."