Albamu ya stempu aliyoiacha mzee

Huenda nawe unayo nyumbani. Labda imelala juu ya kabati, au chini ya kitanda pamoja na masanduku ya nguo kuukuu: albamu ya stempu iliyokuwa ya baba, mjomba au shangazi aliyependa kuandika barua. Hakuna anayeifungua, wala hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema itupwe. Siku mnapohama, au mwenyewe anapoaga dunia, ndipo swali huzuka: tuifanyeje?

Kwetu lilizuka Kawangware, wiki tatu baada ya kumzika baba. Mwenye nyumba alitaka chumba chake. Marehemu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameacha albamu tatu na katoni ya viatu iliyojaa bahasha. Dada yetu mkubwa alitaka zichomwe pamoja na magazeti ya zamani. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa akidaiwa karo ya chuo, akasema asiziguse mtu, kwani alikuwa amesikia kwamba stempu moja huko ng'ambo iliuzwa kwa mamilioni ya dola. Kwa siku mbili wawili hao hawakusemezana.

Kijana hakudanganya. Stempu ya senti moja ya British Guiana, ya mwaka 1856, ilinadiwa New York mwaka 2014 kwa karibu dola milioni 9.5. Lakini yajulikana moja tu duniani! Huko Marekani watoto hukusanya kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli, kama sisi tulivyokusanya stempu. Kadi moja ya Mickey Mantle, ya mwaka 1952, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Bei za kadi za zamani zilipoanza kupanda, watu wa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 wakaziweka kadi mpya kama akiba ya uzeeni, nayo makampuni yakazichapisha bila kiasi. Leo kadi nyingi za miaka hiyo hazina mnunuzi. Zile za kale ziliadimika kwa sababu akina mama walizitupa.

Stempu zetu nazo ni vivyo hivyo. Za kwanza kabisa, za mwaka 1890, zilikuwa stempu za Uingereza zilizopigwa chapa ya kampuni ya British East Africa juu yake. Ukiwa nazo, tafuta mtaalamu. Lakini albamu nyingi za wazazi wetu zimejaa zile za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika zilizoanza mwaka 1935, na za makombe ya baharini zilizotoka mwaka 1971. Hizo zilichapishwa kwa wingi mno. Zile za Uhuru, za Desemba 12, 1963, watu waliziweka kwa mapenzi, na kwa hiyo zipo tele.

Mimi na kitinda mimba tulipanda matatu nambari 46 hadi mjini, albamu zikiwa ndani ya mfuko wa sukari. Mchuuzi mmoja wa vitabu vya mitumba kando ya njia alifungua kurasa mbili tu, akasema shilingi mia tatu kwa zote. Mwingine alituambia tumeshika utajiri, ila yeye mwenyewe hakutoa hata shilingi. Sijui ni yupi aliyetuudhi zaidi.

Ikiwa utauza, msomaji, jua haya. Usiibandue stempu kwenye bahasha. Aghalabu bahasha nzima yenye muhuri wa posta unaosomeka vizuri, hasa wa kituo kidogo, hutafutwa kuliko stempu peke yake. Ile ambayo haijatumika isiloweshwe, maana gundi yake ya nyuma ni sehemu ya thamani. Ukishika, tumia kibano, si vidole vyenye mafuta ya chapati. Nayo bei iliyoandikwa katika katalogi ni ile atakayodai muuzaji kwa stempu safi isiyo na kasoro. Yeye akinunua kwako atakupa sehemu ndogo tu.

Basi tuliketi jioni nzima tukizichambua mezani kwa dada. Hapo ndipo nilipoelewa mzee alikuwa akikusanya nini. Kulikuwa na Tanganyika, Zaire, Rhodesia na Dahomey, nchi ambazo leo huzipati kwenye ramani kwa majina hayo. Mwalimu wa shule moja ya Kangemi alipoziona aliomba albamu ya pili kwa somo la historia, nasi tukampa. Wanafunzi wake sasa wanajua kwamba Dahomey ni Benin, na wanajua pia mwaka, 1975.

Wenye makusanyo makubwa wamewahi kuyatafutia mahali pa umma. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya sanaa, vitabu na hata stempu. Sehemu ya hazina yake utaiona kwenye jumba la Hifadhi ya Nyaraka, Moi Avenue. Sisi si akina Murumbi, lakini mpeleke mtoto akaone Jumamosi moja badala ya kuzurura madukani.

Karo tuliichanga sote, dada akitoa sehemu kubwa. Zile za makombe alizichukua yeye, yeye huyo aliyetaka moto! Katika bahasha za katoni mama alitambua mwandiko wake mwenyewe, barua aliyomwandikia baba kutoka Machakos kabla hawajaoana. Kitinda mimba alimwuliza kama stempu yake ni adimu. Mama akaitia kwenye mkoba, akasema, "Hiyo haiuzwi, mwanangu, wala haisomwi."

Zilizobaki ziko kwangu Uthiru, picha za Malkia Elizabeth zinazofanana zaidi ya mia. Binti wa jirani, aliye Gredi ya Sita, amekwisha kubeba nusu yake, na Jumapili hii ameahidi kuja na mfuko mwingine.