Kombe, Dua na Ini

Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu alivimba tumbo, macho yakageuka manjano. Watu wakanong'ona kuwa amerogwa. Nami nikamwandikia kombe, wala sikumhimiza kwenda hospitali. Baada ya kumzika ndipo nilipofahamu kuwa ini lake lilikuwa limeharibika.

Majuto hayo ndiyo yaliyonifanya nisome habari za Palmer Beasley, tabibu wa Kimarekani aliyekwenda Taiwan mwaka 1972 na kukaa huko miaka mingi. Aliwafuatilia wanaume 22,707, na mwaka 1981 akabainisha kuwa wenye virusi vya homa ya ini aina ya B walipata saratani ya ini zaidi ya mara 200 kuliko wasio navyo. Akathibitisha pia kuwa mama huweza kumwambukiza mwanawe wakati wa kuzaliwa. Mwaka 1984 Taiwan ikaanza kuwachanja watoto wachanga wa mama hao, na saratani hiyo ikapungua kwa watoto.

Dada yangu uliye mjamzito, omba kupimwa damu kliniki. Dua haikatazi dawa. Laiti ningalimwambia hivyo jirani yangu!