Kutafuta Rupia za Mjerumani katika Msitu wa Runzewe

Ijumaa moja baada ya Sala ya Alasiri, nikiwa katika ofisi ya msikiti naandika muhtasari wa kikao cha kamati, mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alinijia kuomba ruhusa. Alitaka kwenda msituni na wenzake siku ya pili yake. Nilipomuuliza wanakwenda kufanya nini huko, alinijibu bila kusita, "Kutafuta rupia za Mjerumani, Baba."

Msomaji asiyeijua Runzewe huenda akacheka. Mji wetu uko katika Wilaya ya Bukombe, kando ya barabara kuu itokayo Kahama kuelekea mipaka ya Rwanda na Burundi. Hadi mwaka 2012 tulihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga. Sasa tuko Mkoa wa Geita. Tumezungukwa na miombo na machimbo, na ni nadra kuikuta nyumba isiyokuwa na mtu aliyepata au aliyepoteza kitu ardhini. Hapa neno hazina halisemwi kwa mzaha.

Uvumi wa rupia nao una mzizi wake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokatiwa njia ya bahari, walitengeneza mjini Tabora, mwaka 1916, sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka katika mgodi wa Sekenke, ulio Singida ya leo. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yakauteka mji huo. Kutokana na ukweli huo mdogo kumezaliwa masimulizi makubwa: kwamba Mjerumani alipokuwa akirudi nyuma alifukia masanduku chini ya kila jiwe kubwa na kila mti mkongwe. Leo watu huingia msituni na mashine za kupimia madini, na wengine hutanguliwa na waganga wanaodai kwamba hazina inalindwa na majini na haitoki bila damu. Kanda ya Ziwa inajua mwisho wa maneno ya namna hiyo. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri migodini na ziwani.

Sikumkatalia mtoto. Nilimwambia tutakwenda pamoja, na jioni ile nikamwendea mzee mmoja wa jamaa zetu wa msikitini, aliyechimba dhahabu ujanani na sasa anafuga nyuki, nikamwomba atuongoze.

Tuliondoka baada ya Sala ya Alfajiri. Ulikuwa mwisho wa Septemba, na miombo ilikuwa imeanza kuchipua majani yake mekundu, kama ifanyavyo kabla mvua hazijanyesha. Tulipita mashamba ya mihogo, kisha mizinga ya mzee iliyotundikwa mitini, ndipo akasimama na kutupa sharti moja. "Mjukuu wangu, tembea nyuma yangu, na pale nilipokanyaga ndipo ukanyage."

"Ndiyo, Babu," akajibu mtoto.

Hazina ya kwanza aliiona mtoto mwenyewe kando ya kichuguu: bonge jeusi, zito, lenye matundu kama sifongo. Mzee akatueleza kuwa ni mavi ya chuma. Kabla ya Mzungu kufika, nchi hizi za Uzinza na Geita zilikuwa na mafundi wa Kirongo, walioyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya miti na kufua majembe. Majembe yao yaliuzwa mbali, na hata mahari yalilipwa kwayo. Mtoto akalitia bonge lile katika mfuko wake.

Mbele zaidi tulikuta marundo ya mawe meupe yaliyopasuliwa, na mashimo ya kina kifupi ambayo miti ilikuwa imekwisha kuota ndani yake. Mtoto akaokota jiwe lenye kumetameta kwa manjano, akapiga kelele ya furaha. Mzee hakumvunja moyo kwa maneno. Aliliweka jiwe juu ya jingine akaligonga, na ule mng'aro ukavunjika kuwa unga mweusi. "Dhahabu ukiigonga inabonyea na kutanda," akasema, "haivunjiki. Hili limewatoa watu wengi makwao."

Kisha tukafika penye duara. Nisingeliliona, nyasi zilikuwa zimeufunika mdomo wake, na matimba yaliyoshikilia kuta yalikuwa yameoza. Mzee akatutaka tukae chini, akatupa jiwe. Kimya kilikuwa kirefu hata nikadhani limekwama. Ndipo tukasikia maji.

"Tulikuwa wanne humu," akasema mzee. "Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi. Mimi nilipanda kuchukua maji ya kunywa." Akanyamaza, akaokota jani na kulikunja. "Hatukuweza kuwafikia. Wanaotafuta rupia huja kuniuliza hazina iko wapi. Huwaleta hapa."

Tukainua mikono tukawaombea dua. Tulipomaliza, mtoto akauliza lile ambalo mimi nisingethubutu kuuliza. "Babu, kwa nini hamkulifukia?"

Mzee alimtazama kwa muda. "Ilisikika dhahabu mahali pengine, mjukuu wangu. Tukahama."

Jibu hilo lilinigusa kuliko alivyokusudia. Marehemu baba yangu naye alikuwa mchimbaji, na ada ya chuo nilichosomea elimu ya dini ililipwa kwa dhahabu ya maduara kama hilo. Hapo chuoni tulisoma hukumu ya rikazi, yaani mali ya kale iliyozikwa: aliyeipata hutoa humusi, sehemu moja katika tano. Dhahabu ya mgodini, katika madhehebu yetu ya Shafii, hutolewa robo ya ushuru ikifikia kiwango, takriban gramu 85. Nimeyafundisha hayo mara nyingi kwa wachimbaji wetu, nao huniuliza kwa bidii, kwa kuwa wanatamani siku ya kuyatumia.

Lakini hadithi hiyohiyo ya rikazi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inataja pia kisima na mgodi, kwamba aliyedhurika humo hana fidia. Wanazuoni wakaweka wazi kwamba hukumu hiyo ni kwa aliyechimba kwa haki, mahali alipo na idhini napo. Ama aliyechimba katika njia ya watu, au katika ardhi isiyo yake, dhamana iko shingoni mwake. Sehemu hiyo sikuwahi kuifundisha. Tulikuwa tukigawana kwa makini mali ambayo bado haijapatikana, na mashimo yaliyokwisha kupatikana tukayaachia nyasi.

Tulikata matawi ya miiba tukauzungushia mdomo wa duara lile. Mzee alifunga mafundo, mimi na mwanangu tukaburuta miiba. Njiani kurudi tulihesabu mengine kumi na moja, na mawili kati yake yalikuwa hatua chache tu kutoka njia ambayo watoto hupita wakichunga mbuzi na kuokota kuni.

Kikao cha kamati kilichofuata nilikifungulia ajenda mpya. Tuliafikiana kupeleka orodha ya mashimo hayo kwa serikali ya kijiji, na wanaume wa msikiti watoke kila Jumamosi kuyazungushia miiba na kuyafukia yale yanayofukika, yaliyo karibu na njia kwanza. Mchimbaji mmoja aliuliza kazi hiyo italipwa na nani, ilhali waliochimba wamekwisha kuhama. Mzee wa nyuki, ambaye si mjumbe, lakini tulimwalika, alijibu kwamba yeye hajahama.

Nyumbani, bonge la mavi ya chuma liko dirishani, juu ya vitabu vya mwanangu. Wenzake bado wanakwenda kutafuta rupia. Yeye ameniomba ruhusa ya Jumamosi ijayo, na nimemruhusu kubeba miiba, kwa sharti lilelile la kutembea nyuma ya babu yake. Wallahu aalam.