Muuguzi wa Nyumbani

Katika utoto wangu mjini Rumonge, rovu halikuwa jambo la kumshtua mtu. Wanawake walioteremka kutoka milima ya Bururi kuja kununua ndagala na mawese aghalabu walikuwa nalo shingoni, nasi tulilihesabu kuwa ni umbile tu, kama urefu au ufupi wa kimo. Hatukujua kwamba mvua za karne nyingi zilikuwa zimeichukua iodini iliyokuwamo katika udongo wa milima ile, wala kwamba ziwa letu la Tanganyika, pamoja na kina chake cha mita 1,470 hivi, ni la maji baridi, halina hazina ambayo bahari huupa mwani, na ambayo Mfaransa Bernard Courtois aliigundua katika majivu ya mwani mwaka 1811. Baadaye ikaja chumvi iliyotiwa iodini, marovu yakapungua, na watu wa rika langu wakaacha kutazamana shingo.

Kwa hiyo uvimbe mdogo, mgumu, usiouma, ulipomtokea mke wangu, majirani walitaja rovu. Tabibu wa Bujumbura, baada ya kuuchoma sindano nyembamba na kuzipima chembe zake, akataja saratani ya tezi dundumio, akaongeza upesi kwamba aina ile, ya papilari, ndiyo iliyo ya kawaida zaidi, na aghalabu hutibika. Habari ya kwanza tuliisikia papo hapo. Ya pili ilichelewa njiani.

Uuguzi wangu ulianza kwa ukaribu, kama ada zetu zinavyoagiza, maana kwetu mgonjwa haachwi peke yake, na anayemketia mbali huhesabiwa kuwa amemtupa. Alipokwisha kupasuliwa na tezi yote kuondolewa, vidole vyake vilikufa ganzi na kumchomachoma kwa upungufu wa kalsiamu, nikawa mtunza vidonge. Sauti yake, ambayo zamani ilisikika mwaloni kupita injini za mitumbwi, ikakwama kooni, nikawa msemaji wake. Nilisimama penye chanja za ndagala nikitaja bei alizoninong'oneza, na wanunuzi waliomjua yeye kuwa mgumu wakajaribu kuniteremsha mimi, mpaka alipoinua kidole kukataa.

Kisha ikaja zamu ya jiko. Kabla ya tiba ya iodini yenye mionzi ilimpasa akae muda bila homoni ya badala, na muda mwingine bila iodini katika chakula, makusudi chembe zilizosalia zishikwe na njaa, ili zikipewa ile ya mionzi ziipokee kwa ulafi na kuangamia kwayo. Bila homoni mwandani wangu alikuwa mzito wa mwendo na wa fikira, akiomba blanketi adhuhuri katika joto la pwani ya Tanganyika. Chumvi ile iliyowaokoa wengi ikawa haramu kwetu, pamoja na mayai, maziwa na kila kitokacho baharini. Lakini ndagala wabichi wa ziwa, kwa ule ule ufukara wa maji yake, walikuwa halali. Niliwapika kwa mawese, ndimu na pilipili, nyumba nzima ikala sinia moja bila chumvi ili asijione mpweke, na watoto wakanung'unika kwa adabu.

Tiba yenyewe tuliifuata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, tukivuka mpaka kwa njia ya Manyovu hadi Kigoma, na kutoka huko kwa garimoshi la reli iliyofika ziwani mwaka 1914. Hapo ada zangu zote zilipinduliwa. Iodini ile, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila siku 8, ilimgeuza mgonjwa mwenyewe kuwa chimbuko la mionzi, na hata tuliporejea Rumonge muda wa tahadhari kwa watoto ulikuwa haujaisha. Alilala peke yake, nguo zake zikafuliwa mbali, akala katika sahani yake upande mmoja wa ua, nami nikiketi upande wa pili nikimsemesha kwa kupaza sauti. Shangazi yangu, aliyekuja kumjulia hali, aliuliza mbele ya wageni ugomvi wetu umeanzia wapi. Faradhi hiyo ilinilemea kuliko zote zilizotangulia, maana mikono iliyokwisha kuzoea kutenda haikuwa na la kutenda ila kujizuia.

Muda ukatimia, akarudi siniani, na tangu hapo siha yake inasimama juu ya kidonge cha levothiroksini, kinachomezwa kwa maji matupu nusu saa au saa nzima kabla ya chakula. Tulikifungamanisha na adhana ya alfajiri: yeye humeza, mimi huelekea msikitini, nirudipo chai iko tayari. Ramadhani ilitutatiza, hata daktari aliporidhia akihamishie usiku, saa kadhaa baada ya futari. Sauti imerudi, ingawa ni nzito kidogo, na wanunuzi huidhania kuwa ni ukali ulioongezeka.

Kilichonishinda mimi ni kujiuzulu. Niliendelea kumwuliza kama amemeza, kuonja kila chungu, na kumchungulia shingo kila alipogeuka, hata asubuhi moja akakiweka kikombe chini akasema, "Baba watoto, mgonjwa wako amepona zamani; sasa tumtafutie dawa muuguzi." Tangu siku hiyo kisanduku cha vidonge kimo mikononi mwake, na mimi nimeachiwa jiko la Ijumaa, ambako watoto sasa hulalamika kwamba chumvi naitia kupita kiasi.